Paschal Ngusa, Mtafsiri wa Sinema za Vita Katoro

Paschal Ngusa, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Ushirombo tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa mzee Ngusa Masele na mama Scolastika. Alimaliza shule ya msingi hapohapo mwaka 1986. Kiingereza alikiokota baadaye, kwa kurudia sinema mpaka mikanda ikachoka.

Alichimba dhahabu Bulyanhulu, kisha mwaka 1998 akahamia Katoro kutafsiri sinema kwenye banda la video. Wachimbaji walipenda za vita. Watafsiri wengine walikuwa wakisema mapema adui amejificha wapi, Paschal hakusema. Siku moja kamera ilikuwa inamfuata askari mmoja ndani ya handaki, begani kwake, haimwachi. Mchimbaji mmoja akapaza sauti, "We Ngusa, adui yuko wapi? Tumelipa!"

"Kwani huyo askari anajua? Wewe ukiwa shimoni nani anakuonyesha udongo utakatikia wapi?"

Askari akiinama, na watu wanainama.

Mwaka 2001 alifunga ndoa na Martina Maige, aliyekuwa akiuza chai mlangoni mwa banda hilo.

Mwaka 2023 alipatikana na saratani ya koo. Sauti ikaanza kumwacha, na sinema ya vita aliyokuwa akitafsiri ilikuwa imefika nusu. Hilo lilimnyima raha kuliko maumivu. Januari mwaka huu alimnong'oneza mkewe, "Mama Noela, malizia wewe."

"Mimi? Vita? Si watanicheka!"

"Wacheke."

Wakawa wanarekodi mchana, yeye akinong'ona, mama akisema. Kamera ilipopanda juu ikaonyesha uwanja mzima wa maiti, mama akaanza kueleza wote kwa haraka. Paschal akamshika mkono. "Tafuta mmoja tu." Mama akatazama, akasema taratibu: "Yule wa pembeni, kiatu hakikufungwa kamba. Mtoto wa watu alikuwa na haraka."

Bandani walitania, "Leo vita inapigwa na mama!" Ilipofika pale pa kiatu, hakuna aliyecheka. Wakaomba irudiwe. Paschal alipopelekewa habari hiyo, alimaliza uji wote.

Alifariki nyumbani Katoro, tarehe 6 Juni mwaka huu wa 2025, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, watoto watatu, Noela, Edson na Vaileth, na mjukuu mmoja anayejifunza kutembea. Jumatatu ijayo banda linamsubiri Martina na sinema nyingine.

Baba Noela, hukuacha kitu nusu. Pumzika kwa amani.