Naelijwa, Aliyesemwa Anakaa Tu

Wasikilizaji wapendwa, mchana mwema popote mlipo, milimani na tambarare. Aliye jikoni apunguze moto, aje karibu na redio. Leo tunamkumbuka Naelijwa. Naelijwa, msaidizi wa mtandaoni wa hapa Same mjini, aliyefariki wiki tatu zilizopita akiwa na miaka arobaini na miwili, akazikwa kwao Bombo, huko milimani. Mimi Jabiri, mtangazaji wenu, nawaambia mapema: leo nimekereka. Nimekerwa na sisi sote, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Naelijwa alikuwa katibu muhtasi Dar es Salaam, kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo. Ofisi ikafungwa. Akarudi Same na sanduku moja na kompyuta moja, akapanga vyumba viwili karibu na stendi, mahali mtandao unaposhika vizuri. Mtaa huohuo anaishi dada yake mkubwa, Eliaichi. Eliaichi mnamfahamu. Ndiye mpishi wetu mkuu wa misiba, mwenye makande yake.

"Nilimuuliza, sasa mdogo wangu utafanya kazi gani?" anasimulia Eliaichi. "Akasema, dada, nitapokea simu za daktari wa meno wa Arusha. Nikamwambia, daktari yuko Arusha, meno yako Arusha, wewe uko Same. Utazipokeaje? Akasema, nikiwa nimekaa hapahapa. Nikasema moyoni, basi, Dar imeniharibia mdogo wangu."

Lakini ndiyo kazi yenyewe. Mtu yuko mbali, shughuli zimemzidi. Naelijwa anampangia miadi, anamjibia barua pepe, anawakumbusha wateja wake. Yeye yuko Same, kazi yake iko Arusha.

Sasa, kupata wateja. Aliweka tangazo mtandaoni, na picha amevaa koti jeusi. Watu wa Same wakaandika "hongera mpendwa". Hongera mia mbili, mteja hata mmoja. Shangazi yake akamwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hakumsikiliza, akaomba tangazo lisomwe kanisani. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la mtu wa kwetu. Alitangaza huduma kwa watu asioweza kuwakatalia.

Jumatatu asubuhi, foleni mlangoni. Huyu anataka matokeo ya mtoto. Huyu fomu ya chuo. Huyu anataka aandikiwe barua ya kumwomba mkwewe msamaha. "Naelijwa si ana kompyuta? Si yupo nyumbani?" Wengine hata kompyuta hawakuitaka. "Naelijwa, niangalizie mahindi yangu juani, kuku wasiyale, maana wewe unakaa tu." Kuku, wasikilizaji! Mgonjwa wa Arusha yuko kwenye simu analia kwa jino, na huku Naelijwa anarusha kandambili.

Akabandika karatasi mlangoni: NIPO KAZINI. Watu wakabisha hodi. "Nimesoma hapa kwamba upo." Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Mimi mwenyewe nilimpelekea ratiba ya harusi ya binti yangu aichape. Sikumuuliza kama ana nafasi. Alinitazama, akavuta pumzi, akachapa.

Sasa sikilizeni. Mtaa wetu una kikundi cha misiba. Mwenzio akifiwa, unakwenda. Unakwenda wewe mwenyewe, unachambua mchele, unamenya ndizi, unaosha masufuria. Ukifiwa wewe, wanakuja. Naelijwa alikosa misiba mitatu. Misiba mitatu mfululizo! Saa za msiba ndizo zilikuwa saa za daktari. Mchango alituma. Mikono hakuileta.

Kikundi kikaitisha kikao. Mwenyekiti, mzee Anold, akasimama akasema mtu asiyekuja kuzika hana sababu ya kuwa kwenye daftari. Wakamfuta. Habari akapewa Eliaichi azipeleke.

"Nilimkuta amekaa, kama kawaida," anasema Eliaichi. "Nikamwambia, wamekufuta. Ukifa leo, nitakubeba na nani mpaka Bombo?"

Naelijwa aliifunga ile kompyuta kwa kishindo. Dada yake hakuwahi kumwona akiifunga mchana.

"Dada, niache kazi ndiyo nionekane mtu?" alisema. "Haya. Nipeni msiba mmoja. Mmoja tu. Mniache niufanye nikiwa nimekaa."

Haikupita wiki mbili, mzee mmoja wa mtaani akafariki. Wa kuzikwa Bombo, watoto Dar na Mwanza. Mnaijua misiba yetu. Ratiba inasema saa nane, tunazika saa kumi na moja. Basi la Dar halijulikani liko wapi. Mchungaji amefika, jeneza bado. Wasemaji kumi na wanne, na kila mmoja anaanzia marehemu alipozaliwa. Naelijwa akayabeba yote, kwenye kiti chake cha plastiki. Kila mtu akapata meseji yake. Wewe, basi liondoke saa kumi na mbili asubuhi. Wewe, maji ya kunywa. Wewe, unasema dakika tatu.

Mzee Anold naye alipewa dakika tatu. Ilipoingia ya nne, simu yake ikaita mfukoni. Akapokea mbele ya kaburi.

"Shikamoo mzee," ilisema sauti ya Naelijwa kutoka Same, alikokuwa akifuatilia kila kitu kwa simu. "Muda wako umekwisha."

Saa nane kamili tukaanza kutupia udongo. Saa nane, wasikilizaji. Nilikuwepo, niliitazama saa yangu mara mbili.

Wageni wa Dar wakaanza kuulizana: nani kapanga haya? Watu watatu waliondoka Bombo na namba yake. Mmoja ana zahanati, mmoja ana shule, mmoja ana malori. Msiba uliofuata, wakaongezeka wengine. Tangazo la koti jeusi halikumletea mtu, misiba ikamletea. Mwenyewe aliona haya. "Dada," alimwambia Eliaichi, "naogopa kusali nipate wateja, Mungu asije akanielewa vibaya." Kazi ilipozidi akamchukua Salha, binti wa hapa mjini, akamfundisha, wakawa wawili.

Kikundi kilimrudisha daftarini. Lakini maneno hayakwisha. Eliaichi mwenyewe anakiri. "Mimi niko kwenye moshi, machozi yananitoka, yeye kakaa tu na simu. Nilimsema hivyo miaka minne. Nilimsema mpaka mwezi wake wa mwisho."

Alikuwa mgonjwa wa moyo. Aliambiwa tangu mwaka jana. Hakutuambia, na sisi hatukuuliza. Tuliendelea kubisha hodi. Wiki mbili kabla hajafa, mimi Jabiri nilimpelekea fomu ya kitambulisho. Aliijaza. Ninaona aibu kulisema hili hewani, lakini nalisema.

Alipofariki, kikundi kilikusanyika nyumbani kwa Eliaichi. Magari yako wapi? Nani anapokea wageni? Nani anawaambia wa Dar? Kila mtu anamtazama mwenzake. Mzee Anold akatoa simu, akaguna kwa kero, akasema, "Jamani, tunapoteza muda. Mpigieni Naelijwa."

Mzee akairudisha simu mfukoni, akakaa chini.

Salha ndiye aliyekwenda kuifungua kompyuta. Akakuta faili limeandikwa: MSIBA WANGU, MAANA NAJUA MTAVURUGA. Kila kitu kilikuwemo. Saa za mabasi. Majina na namba za simu. Wasemaji wanne. Mzee Anold, dakika tatu. Wapishi nao walitajwa, mmoja mmoja. Eliaichi akasomewa orodha ile mara mbili, jina lake hakulisikia. Likaja chini kabisa, peke yake: "Dada Eliaichi asiguse sufuria. Awekewe kiti mbele. Siku hiyo akae tu."

"Nilikaa," anasema Eliaichi. "Makande yaliungua, nikasikia harufu, nikataka kuinuka. Wakanirudisha. Nimepika misiba sijui thelathini, sijui arobaini. Haijawahi kunishinda kazi kama ile ya kukaa."

Tulimzika Naelijwa saa nane kamili.

Wasikilizaji wapendwa, pole kwako dada Eliaichi. Pole kwa mama yenu, Bombo. Pole Salha, unayepokea simu zake sasa. Mungu amrehemu Naelijwa. Nasi tuliobaki tujiulize. Yule uliyemwona leo amekaa, umemuuliza anafanya nini, au umemtuma tu?

Tumkumbuke kwa kunyamaza. Mimi hapa studio, ninyi mlipo, tukae dakika tatu. Nimeshaweka saa mezani, maana zikizidi, Naelijwa hatapiga simu.