Kamba Mlangoni mwa Namba Kumi na Saba

Kila Jumamosi asubuhi, nje ya gereji ya zamani ya mabasi katika mji wa Harrowclough, wastaafu watatu hukaa kwenye benchi na chupa yao ya chai ya maziwa, wakilitazama Namba Kumi na Saba, basi la ghorofa walilolifufua kwa miaka kumi na moja. Jumamosi hiyo mmoja wao, Doreen, alifika kwenye benchi akiwa amefura kwa hasira. Alikuwa kondakta wa basi hilohilo miaka kumi na tisa, ndiyo maana wanamwita Kengele, na leo alikuwa amelikuta limefungwa kamba mlangoni, na kibao: USIPANDE.

— Nani kaweka upuuzi huu?

— Mimi, — alisema Clifford, katibu wao, aitwaye Profesa. — Kitambaa cha viti kimefumwa upya kama cha mwanzo, Kengele. Makalio yatakimaliza.

— Kwani kiti kazi yake nini, Profesa? Kuwekea maua?

Norman Grisi, fundi wao, alipuliza chai yake.

— Si viti tu, dada. Watu wakipumua, unyevu unaingia kwenye mbao za juu.

— Enhe! Sasa tusipumue.

— Na wakiongea, vioo vinatikisika, — Profesa akadakia. — Ukitaka ukweli, abiria ndio walioyaua mabasi haya. Hili lingefungiwa tangu siku ya kwanza, leo lingekuwa jipya kabisa.

Basi hili Doreen aliliombea vipuri mlango kwa mlango kule Top Bank, mtaa wa juu mlimani, tangu njia ya basi ya huko ifutwe. Watu walimpa taa, vioo, hata kengele iliyokuwa imetundikwa jikoni kwa mtu, kwa sababu aliwaahidi litapanda mlima tena.

— Mmenifanya mwongo mbele ya watu wazima, — alisema. — Mimi navuta kengele mara mbili, gari linaondoka. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Sikuomba sanamu.

— Kengele, elewa, tunahifadhi historia.

— Historia gani isiyompeleka mtu dukani?

Kabla Profesa hajajibu, alitokea bibi mmoja na mfuko wa viazi, akihema. Alilitazama basi, akawageukia.

— Samahani, wapendwa. Hili la Top Bank linaondoka saa ngapi?

Grisi akaangalia viatu vyake.

— Haya, katibu, — alisema Doreen. — Mjibu mama.

Yule bibi, alipoona hakuna anayemwambia kuwa haliendi popote, akajibanza mwisho wa benchi na kuanza kulisubiri.