Chaji, Aliyesema "Kwangu Inafanya Kazi"

Ndugu, jamaa na majirani, nasema kwa niaba ya wazee wa ukoo, huyu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1986, mtoto pekee wa mama yake, ambaye alifariki mtoto akiwa darasa la pili, ndipo bibi yake mzaa mama, fundi cherehani, akamlea katika vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1999 na sekondari 2003, hesabu aliziweza, mpira alikaa benchi na akafurahi kukaa, kisha akasomea kompyuta chuoni hadi 2009, akiwa na mashine kuukuu yenye betri mfu, kila nyumba aliyoingia akiulizia soketi kwanza na salamu baadaye, wakamwita Chaji, na hata alipopata mashine yenye betri nzima, tabia ya waya haikumtoka.

Januari 2010 aliajiriwa kwenye karakana inayofufua kompyuta za mkononi za shule, nazo zilikuwa zikichemka na kuzimika katikati ya somo, basi akaandika draiva, yaani programu ndogo ndani ya kiini cha mfumo wa kompyuta, inayoiambia prosesa, ubongo wa kompyuta, ikimbie kazi ikiwa nyingi na ipunguze kasi kazi ikiisha. Bibi yake alipouliza ni kitu gani, alijibu, "Bibi, ni mguu wako kwenye pedali, kitambaa kirefu unakanyaga, ukifika kwenye kona unalegeza," naye bibi akasema, "Mbona mimi nina wateja na wewe huna hata mmoja?" maana kazi ile ilikuwa ya kujitolea, watunzaji wa kiini hicho wametawanyika duniani na huandikiana tu, nao wakaipokea draiva yake mwaka 2012.

Tarehe 8 Juni 2013 alimwoa mwalimu aliyekuja karakana kufoka kwamba kompyuta zimemwaibisha mbele ya darasa, na mwaka 2015 wakajaliwa binti mmoja.

Kuanzia 2022 walimu walilalamika kwamba mashine ikilala, ukiiamsha inabaki kwenye kasi ya chini kabisa, unabonyeza herufi, unakwenda kunywa maji, unarudi ndiyo inatokea, lakini yeye kila akijaribu iliamka vizuri, akawajibu wote, "Kwangu inafanya kazi," mpaka mkuu wa watunzaji akamwandikia kwamba isiporekebishwa kabla ya toleo lijalo la mfumo, draiva itaondolewa, na shule zote zirudi kuchemka. Toka hapo hakula mezani, mkewe akimwambia akapime presha alisema kesho, na kesho yenyewe ndiyo hii.

Tarehe 3 Septemba 2024 alianguka karakana, figo zikiwa zimeharibiwa na presha, akalazwa na mashine yake pembeni, imechomekwa kwenye umeme kama kawaida, na tarehe 11 nesi alichomoa waya ule apate pa kuchomeka mashine ya dripu, akisema, "Kaka, soketi hii ni ya wagonjwa," naye akauliza, "Kwani mimi ni nani?" Alipoiamsha kwa betri ikawa nzito kama za walimu, akashika kichwa, maana miaka yote hiyo alikuwa akiijaribu kwenye umeme, na walimu huziamsha zao kwa betri. Alimwambia mkewe, "Mwalimu, nimeuona, ni mstari mmoja tu," akaanza kuuandika, vidole vikakataa, na asubuhi ya tarehe 12 akafariki.

Wanaosema hapa msibani kwamba alichoka kama mashine wanyamaze, mashine alijua kuipumzisha. Fundi mwenzake ameukuta mstari huo umeanza na haujaisha, mwisho wake haujui, ukoo mzima hakuna anayeujua, toleo linatoka mwezi ujao, na draiva inaondolewa.

Tunawashukuru madaktari na manesi, yule wa soketi akiwemo, hakukosea, majirani kwa viti na kwa kunyamaza, wenzake wa karakana, na walimu wanaoendelea kusubiri herufi.

Lala upumzike, Chaji, mjukuu wetu, safari hii hakuna wa kukuamsha.