Nilivyojifunza Kuanguka na Mpira

Ndugu zangu, nimeombwa nisimame niseme, na mama yangu amekaa palepale mbele, kwa hiyo nikitia chumvi atanikatiza.

Mnajua nilicheza mpira chuoni, hapahapa Toronto, miaka ile ya elfu mbili na kumi hivi. Si huu wa kupiga teke. Ni ule wenye umbo la yai, unaukumbatia na kukimbia huku majitu mazima yanakuja kukuangusha. Mbio nilikuwa nazo. Tatizo, mpira haukai. Nikiguswa tu umeshatoka, wapinzani wameuokota.

Siku mama alipokuja kunitazama mara ya kwanza, katoka kiwandani Brampton na viatu vyake vya kazi, nikauachia tena, tukafungwa. Kocha akaniita pembeni: "Ukiangusha mwingine, unavua jezi."

Nawaambia, niliumia. Jezi ile ndiyo iliyonifanya nijione mtu katika nchi hii. Nikajifungia chumbani kwetu Thorncliffe, darasani siendi, simu sipokei. Mama akaja kukaa kitandani.

"Huyo aliyekunyang'anya, refa hakumwona?"

"Mama, inaruhusiwa."

"Inaruhusiwa? Basi na wewe kajifunze kunyang'anya."

Nilikasirika, maana niliona haelewi kitu. Lakini asubuhi nikaenda kumwomba kocha anihamishie mazoezini upande wa walinzi. Alicheka, kisha akakubali.

Huko nikafundishwa kupokonya. Mmoja anamshika mtu kiunoni, mwingine anaupiga mpira ngumi kutoka chini, au anauvuta kwa nyuma mkono uliobeba mpira. Na huko ndiko nilikogundua kitu. Mpira hautoki kwa sababu ya ngumi yangu. Unatoka pale mtu anapohisi anaanguka, akatoa mkono kujikinga na ardhi. Nilimwona mwenzangu akifanya hivyo, nikajiona mimi mwenyewe.

Basi nikaanza kujifunza kuanguka. Mikono yote miwili juu ya mpira, kidevu chini, ardhi ije yenyewe. Nyumbani nilikula ugali kwa mkono wa kulia, mpira kwapani kushoto, na mama kila akipita anaupiga kwa mwiko autoe. Msicheke, alikuwa anapiga kwelikweli.

Kocha akanirudisha mechi ya mwisho, mvua inanyesha. Nikapewa mpira, wakanivaa wawili. Mwili wangu wote ulitaka kutoa mkono. Sikutoa. Nilianguka kifudifudi, matope mdomoni, mtu ananipiga ngumi za mbavu akiutafuta mpira. Filimbi ikalia, mpira bado ninao. Nililia palepale chini, na sioni aibu kuwaambia.

Namshukuru kocha. Nawashukuru walinzi walioninyang'anya kila siku bila huruma. Na ninyi mliokuja na chapati nilipojifungia, mkakaa bila kuniuliza habari za mpira. Leo nafundisha vijana chuoni, na somo la kwanza ni kuanguka.

Najua humu kuna walioanguka mwaka huu, wengine kazini, wengine kwenye ndoa. Siwezi kuwaahidi kuwa hamtaanguka tena. Ninachowaomba, ukijiona unakwenda chini, usiachie ulichobeba ili ujikinge. Utaumia kidogo, halafu utainuka nacho.

Siku ile mama alinisubiri kwenye maegesho, akanifuta matope usoni kwa mtandio wake. Akaniambia, "Leo umeanguka vizuri." Huyo hapo, muulizeni.