Lori Linalolala Mbele ya Ofisi

Baridi ya Newala asubuhi ile iliuma mpaka kwenye meno. Lori la kijiji likakohoa mara mbili, likanyamaza. Mwalimu Yustina alikuwa juu ya magunia ya makopa ya mihogo, amekumbatia shela yake, maana alasiri ile alitakiwa afunge ndoa Mtwara, na bwana harusi alikuwa na tabia ya kubadili mawazo.

Mbele yake abiria wawili wasiojuana walishaanza kubishana. “Dizeli imeganda,” alisema bwana shamba mwenye koti zito. “Kwetu Njombe tunawasha moto chini ya injini.”

“Hapa si Njombe, mwanangu,” akajibu mzee mmoja mkulima wa korosho. “Betri imechoka. Zamani lori lilikuwa linalala mlimani, asubuhi unaliachia tu literemke, linawaka. Sasa Mwenyekiti anataka lilale mbele ya ofisi ya chama, eti wageni walione!”

Mwenyekiti mwenyewe, aliyekaa mbele na dereva, alitoa kichwa dirishani. “Ndugu zangu, shukeni tusukume! Kujitegemea! Mwalimu, lete shela nikushikie.”

Wakashuka abiria wote isipokuwa Mwenyekiti, kwani lazima awepo wa kuhamasisha.

Wakasukuma mpaka kwenye mteremko. Injini ikashika, moshi mweusi ukawafunika, na dereva, kwa kuogopa lisije likazimika tena, hakuthubutu kusimama.

“Si nilisema betri!” alifoka mzee akikimbia.

“Baridi, mzee wangu! Baridi!”

Yustina alivua viatu, akawapita wote wawili. Kwenye kona, Mwenyekiti alikuwa akiwapungia wananchi wake kwa shela.