Kapasita Chini ya Turubai

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Ah, leo mmeitikia wote! Naona pia mnautazama mfuko wangu huu. Ngojeni kwanza.

Mimi ni fundi umeme, hapa hapa Mtambile. Miaka ile vyama vingi vilipopamba moto, nilikuwa naunda kigari cha umeme cha kwenda kushindana Chake Chake. Kikifika mlimani, betri inachoka. Nikatia kapasita: mikebe inayojaa umeme kigari kikifunga breki mteremkoni, kisha inaumwaga wote kwa mpigo kikipanda. Betri ni mtungi wa mdomo mwembamba. Kapasita ni ndoo.

Kilichoniponza ni turubai. Nilikifunika kigari kwa sababu ya mvua tu. Nawaambieni, wakati ule ukifunika kitu umeshahukumiwa. "Kuna mikebe mle, ina nyaya!" Chama hiki kikasema nimetumwa na kile kutega bomu, kile kikasema nimetumwa na hiki. Nikasusiwa na wote. Natoa salamu barazani, watu wanatazama viatu. Nami nikaanza kumshuku kila apitaye uani kwangu. Siku ya hitima ya mama yangu nilipika sufuria zima la pilau. Hakuja mtu. Nililia, siwafichi.

Asubuhi yake jirani yangu, bibi mmoja mjane, akabisha hodi.

"Funua, mwanangu. Kama bomu, na linitwae miye."

Nikafunua. Nikaunga kapasita na balbu, nikampa balbu aishike. Ikawaka kwa nguvu, ikafifia, ikazimika.

"Ndo hiki tu?"

"Ndo hiki tu, bibi."

Akatoka barabarani. "Nyie! Mmemsusia mtu hitima ya mamake kwa ajili ya taa!"

Wakaja mmoja mmoja, wa vyama vyote viwili, kila mtu akidai anapita tu. Siku ya mashindano wao ndio walionipakilia kigari. Kule mlimani nikabonyeza swichi, nikawapita wawili. Sikushinda, nilikuwa wa tatu. Lakini niliporudi nikatoa salamu barazani, ikaitikiwa.

Bibi yangu yule pale nyuma, Mwenyezi Mungu amlipe. Nanyi ahsanteni, hata mliojifanya mnapita. Nawaombeni kitu kimoja: mwenzenu akifunika kitu, bisheni hodi.

Haya, mfuko. Ni halua. Pilau ya hitima ya mama yangu haikuliwa, kuleni hii.