Mbuzi Aliyekwama Akigeuka

Benchi letu liko mbele ya duka la mbao na simenti hapa Kitengela, kando ya barabara ya kwenda Namanga, mahali ambapo vumbi la malori huongezwa kwenye kahawa bila malipo. Ni ubao uliokataliwa na mafundi kwa sababu umepinda, kwa hiyo ukikaa unateleza polepole kuelekea katikati, upende usipende, na ukifika huko unamkuta mwenzako naye ameteleza. Kahawa ni ya Namalwa, Mama Sheryl, ya tangawizi. Wakazi wa kudumu ni watatu. Kuna Githinji anayeuza ploti za Isinya, na tunamwita Hekari ingawa hajawahi kuuza kitu kinachokaribia hekari. Kuna Ochola, tunamwita Injinia, kwa sababu walipokuwa wakichimba mitaro ya kebo za intaneti ndiye aliyeshika ule utepe wa kuzuia watu wasitumbukie. Na kuna Nzioka, tunamwita Methali, ambaye ana methali ya kila jambo, na haijawahi kuwa ya jambo hilo. Mimi hukaa kwenye ncha, ambako ubao umeinuka, nikanywa kahawa yangu nimenyamaza. Wao wanadhani ni heshima.

Ijumaa hiyo nilimkuta Githinji ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba beseni lililojaa maji.

— Imekwama tena, akasema. Palepale.

— Palepale wapi? Ochola akauliza.

— Pale anaanza kugeuka. Anaanza tu, halafu haka kamduara kanakuja. Sasa badala ya mbuzi kugeuka, ni kamduara kanageuka.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kesho yake mpwa wake Githinji, Muturi, alikuwa anapelekwa ruracio, sherehe ya mahari, kwa kina msichana huko Kinangop. Githinji, akiwa mjomba, alikuwa ametumwa mwati, yaani kondoo jike mchanga ambaye hajazaa, na bila huyo Wakikuyu hawafungui mdomo kuzungumzia mahari. Mnyama hatakiwi kuwa na kasoro yoyote. Kwa ruracio ya kaka wa Muturi, Githinji alipeleka mnyama mwenye sikio moja. Wazee wa upande ule walimzungusha huyo mnyama uani mbele ya wageni wote, wakauliza kwa upole kama bwana harusi naye ameletwa nusu. Nyawira, dada yake Githinji na mama wa hao vijana, hajasahau. Safari hii alimwambia wazi: ukileta kilema tena, usikanyage kwangu.

Basi Githinji akatafuta kisasa. Kuna kijana anaitwa Kuntai, anauza mifugo pale soko la Bissil, na kila mnyama anamwekea video fupi kwenye mtandao: anatembea kidogo, anageuka, anarudi. Upande wa kushoto wa mnyama wa Githinji tulikuwa tumeuona asubuhi nzima. Ulikuwa mzuri. Rangi ya kahawia, tumbo limejaa, sikio limelala vizuri. Upande wa kulia ndio uliokuwa nyuma ya kale kamduara. Na Kuntai alikuwa amesema lori la Nairobi linapakia saa sita. Asipojibiwa kufikia hapo, mnyama anapanda.

— Si umpigie umuulize kama sikio la kulia liko? Namalwa akasema huku akimimina.

— Mama Sheryl, umewahi kuona muuzaji akikuambia mbuzi wake hana sikio?

— Basi nenda umwone. Kwani Bissil ni mbali?

— Niko na simu ya kamera tatu halafu niende kukanyaga mavi sokoni?

Namalwa akaangalia zile kamera tatu, ambazo zote zilikuwa zinatazama chini, akaendelea kumimina.

— Hiyo ni kebo, Ochola akasema. Kuna kebo inapita chini ya bahari, Mombasa pale. Papa akiiuma kidogo tu, Kitengela nzima inaanza kuzunguka.

— Papa yupi aache samaki ale waya?

— Mama Sheryl, watu wanakula vitu. Si hata sisi tunakunywa hii? Hekari, weka ile ya ndege, halafu utoe.

Githinji akaweka ile ya ndege, akatoa. Simu ikakata mawasiliano na dunia, ikatafakari, ikarudi. Mbuzi akatembea hatua zake, akaanza kugeuka. Kamduara.

— Wahenga walisema, Nzioka akaanza, na sote tukashika vikombe vyetu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Maana yake?

— Maana yake zima simu uwashe.

— Na tezi ni nini? Namalwa akauliza.

— Ni ugonjwa wa koo. Ndiyo maana inakwama.

Simu ikazimwa, ikawashwa. Kamduara.

— Basi imejaa, Ochola akasema. Simu ni kama tumbo. Toa vitu.

Githinji akaanza kufuta. Akafuta picha za asubuhi njema zilizotumwa na kikundi cha kanisa, zile za maua na kikombe cha chai. Akafuta mahubiri. Akafuta hata picha za ploti, ambazo zote ni nyasi ileile na nguzo ileile, ila nguzo wakati mwingine iko kushoto. Akaingia ndani ya app kabisa akafuta takataka zake, Ochola akimwelekeza kwa kidole. Mbuzi akatembea. Kamduara.

— Hapo sasa ni serikali, Ochola akasema.

— Serikali inataka nini na mbuzi wangu?

— Wanaangalia. Wewe unauza ploti, halafu ghafla unatafuta mifugo. Mtu kama huyo ameuza nini? Wanapunguza kasi ndio wakusome polepole. Weka VPN. Hiyo inadanganya simu uko Ujerumani.

— Na mbuzi?

— Mbuzi anabaki Bissil. Ni wewe unaenda.

Tukaenda Ujerumani. Huko nako kamduara kalikuwepo, ila kalizunguka polepole zaidi, kama kanasubiri viza.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Nzioka akasema, na hakuna aliyemuuliza maana. Nyinyi mnakosa kitu kimoja. Ukifika Namanga, simu inakuambia karibu Tanzania, si ndiyo?

— Ndiyo.

— Na hapa katikati kuna nini? Isinya. Isinya kuna nini? Maua. Zile nyumba za plastiki, mpaka macho yanaisha. Sasa sikizeni. Video inatoka Bissil inakuja. Inagonga ile plastiki ya Isinya, inarushwa nyuma, pwaa, mpaka Namanga. Saa hii iko pale mpakani, nyuma ya foleni ya malori. Inangoja wakala wa forodha.

— Video inalipiwa ushuru? Githinji akauliza, na nikaona ameanza kuamini.

— Mbuzi analipiwa. Video yake ni nani asilipiwe?

Simu ikalia ujumbe. Githinji akasoma kwa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa inashuka kila neno: Mzee, lori imefika.

— Wakwe wananizungusha uani kesho, akasema. Safari hii ni mimi, si mnyama.

Namalwa alikuwa anatafuta mahali pa kuweka birika. Akaisogeza simu ya Ochola iliyokuwa kwenye benchi, akairudisha haraka.

— Injinia, mbona simu yako ni moto hivi? Nikiweka sufuria hapa, maji yatachemka.

— Iache tu, Mama Sheryl.

— Hekari, kwani wewe unatumia bando ya nani?

— Ya Injinia. Amenifungulia hotspot tangu asubuhi.

Namalwa akaigeuza ile simu. Hakuhitaji neno la siri. Maandishi yalikuwa kwenye kioo.

— Inapakua, akasoma. Kipindi cha thelathini na nane. Msimu wa pili. Injinia, hii si ile ya Waturuki, yule dada anapendwa na ndugu wawili?

Ochola akanywa kahawa ambayo kikombeni haikuwemo.

— Ni ya mke wangu, akasema.

— Mke wako yuko Seme tangu Krismasi.

— Anarudi.

Namalwa akabonyeza mara moja. Dada anayependwa na ndugu wawili akasimama, na kwenye simu ya Githinji kamduara kakatoweka kama hakajawahi kuzaliwa. Mnyama akageuka. Upande wa kulia ukaja, mzima, unang'aa. Sikio. Jicho. Mguu. Githinji akapiga kelele kama mtu aliyefunga bao, Nzioka akamkumbatia, na ubao ukatutelezesha sote katikati.

Hapo ndipo Nyawira alipotokea, kitambaa kichwani, mkoba kwapani, na uso wa mama ambaye kesho anaoza kijana na bado hajapata mahema.

— Githinji, mwati iko wapi?

— Dada, karibu. Kaa. Ona mwenyewe. Masikio mawili, macho mawili, miguu yote. Nimekagua tangu asubuhi.

Nyawira hakukaa. Akachukua simu, akatazama. Video fupi zina tabia hiyo: zikishakubali, haziachi. Mnyama akatembea, akageuka, akarudi. Akatembea, akageuka, akarudi.

— Githinji, akasema. Huyu ni kondoo ama ni mbuzi?

Lori likapita. Likaja lingine, nalo likapita.

— Huyu ni wa ruracio, Githinji akasema.

— Sijauliza kazi yake.

— Hana pembe, Nzioka akasema. Ni kondoo huyo.

— Kwetu kuna mbuzi kibao hawana pembe, Ochola akasema, akifurahi kupata la kusema. Kondoo si ana manyoya kama blanketi?

— Hao ni wa vitabu. Wa Umaasaini wana nywele fupi, kama mbwa.

— Angalieni mkia! Nzioka akasimama. Wa kondoo unaangalia chini, wa mbuzi unaangalia juu. Hata siku ya hukumu watatenganishwa hivyo.

Tukainamia simu, vichwa vimegongana. Mkia ulikuwa unafukuza nzi. Juu, chini, juu.

— Wewe unaonaje, dada? Githinji akauliza kwa sauti ndogo.

— Mimi na wewe tumezaliwa Umoja, Nairobi, nyumba moja, ghorofa ya tatu. Kondoo ningemwona wapi? Ndiyo maana nilikutuma wewe, uliyesema unajua. Mpigie mwenye mali.

— Nimpigie Mmaasai nimuulize hivyo? Mimi? Mimi huuzia watu mashamba ya kufugia!

Namalwa akaangalia birika. Mimi nikaangalia kahawa yangu. Na simu, mkononi mwa Nyawira, ikalia. Githinji akaipokonya.

— Sopa, mzee! ilikuwa sauti ya Kuntai, ikisalimu Kimaasai, na nyuma yake ngurumo ya injini. Dereva anataka kutoka. Huyu wako abaki ama aende?

— Epa, Kuntai, epa. Sasa… huyu… analiaje?

— Unasema?

— Sauti yake. Hebu nisikie. Wakwe wanapenda sauti.

Kukawa na vurugu kidogo, kisha, karibu kabisa na simu, sauti ndefu yenye mtetemo: meee. Tukatazamana. Ilisikika vizuri sana na haikusaidia chochote.

— Kondoo, Nzioka akanong'ona.

— Mbuzi, Ochola akanong'ona.

Nyawira akachukua simu.

— Ndugu yangu, habari. Huyo hapo ni kondoo ama ni mbuzi?

— Hallo? Kuntai akasema. Hallo, mama? Netiwaki yenu huko ni mbaya sana. Nimesikia ni kama unaniuliza kama huyu ni kondoo ama mbuzi.

— Netiwaki iko sawa, ndugu. Ni sisi.

Kuntai akazungumza taratibu, kama mtu aliyeketi kando ya kitanda cha mgonjwa.

— Ni mbuzi, mama. Na ni ndume. Mzee aliniandikia anataka mbuzi mzuri wa ruracio, na huyu ndiye mzuri niko naye. Kwani nyinyi mnataka nini?

Nyawira akamrudishia kaka yake simu.

— Mwambie.

Githinji akatazama barabara. Akakohoa. Kisha akasema, kwa sauti ambayo haijawahi kuuza ploti:

— Mwati. Kondoo jike, hajazaa. Kuntai, hata nikimpata njiani mimi simjui. Nichagulie wewe.

— Si ungesema hivyo asubuhi? Niko nao watatu hapa. Ngoja nikutumie video.

— Usitume! tukasema benchi zima.

Githinji alikuwa ameshasimama, anamuuliza Namalwa magari ya kwenda Bissil yanapandiwa upande gani wa barabara.